Aristarko wa Mwezini na Aristarko Wangu

Alhamisi, 1 Agosti

Mfungo wa Mama wa Mungu umeanza, hakuna nyama wala samaki mpaka tarehe kumi na tano. Siku ya kwanza tu, na tayari kwa jirani yangu Stamatia kunanuka samaki wa kukaanga. Nimefunga dirisha kwa kishindo ili ajue kwamba nimejua.

Daktari wa Karlovasi ndiye aliyesema niandike. Eti, bibi Argiro, mistari michache kila siku, kichwa kisishike kutu. Kichwa changu hakina kutu! Lakini daftari nimeshapewa, na mimi si mtu wa kutupa karatasi safi. Shule niliishia darasa la nne, baba alitaka mikono shambani. Herufi nazijua zote. Nukta na mikato ijipange yenyewe.

Basi la leo ni hili: kesho jioni Stratis wangu anapanda meli Piraeo, yeye na mkewe Thalia na mtoto. Ubatizo ni tarehe ishirini na tano, Jumapili, hapa hapa kijijini, kanisani kwetu — si huko Athene kwenye makanisa ya foleni, mtoto mmoja anatoka majini mwingine anavuliwa soksi. Mtoto mwenyewe kazaliwa mwezi wa tano. Mvulana! Mvulana wa kwanza wa mwanangu wa pekee. Kwa hiyo jina halina mjadala. Mvulana wa kwanza huchukua jina la baba wa baba yake. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tutakavyoacha. Ataitwa Aristarko, kama marehemu mume wangu.

Na si jina la kuokota barabarani. Aristarko wa kale alikuwa mtu wa kisiwa hiki hiki, Samo. Ndiye aliyesema kabla ya wote kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, wakati wenzake walidhani jua ndilo linalohangaika. Uwanja wetu wa ndege una jina lake. Hata mwezini kuna mahali pana jina lake, kila mtu anajua. Mume wangu alikuwa akisema, "Argiro, nyie wote jamaa zenu wako Australia. Mimi wangu yuko mwezini." Na mizabibu aliipogoa hivyo hivyo, akitazama juu. Ndiyo maana kidole kimoja kilikuwa kifupi.

Nimetandika vitanda vyote. Nimeiambia picha yake ukutani: jiandae, mzee.

Jumamosi, 3 Agosti

Wamefika! Mtoto mnene, mapaja kama mkate uliokunjwa. Nikamtemea mate kidogo, tfu tfu, jicho baya lisimpate. Thalia akatoa kitambaa chenye dawa akampangusa. Sawa. Nikamtemea tena alipogeuka.

Ana masikio ya mume wangu. Yametoka nje kama mikono ya sufuria. Nikapiga kelele pale pale bandarini, "Masikio ya Aristarko hayo!" Thalia akatazama mizigo.

Na hawakuja peke yao. Nyuma yao kashuka mama yake Thalia, bibi Zafira, kutoka Kastoria, huko kaskazini milimani wanakoshona makoti ya manyoya. Nguo nyeusi mpaka kidevuni. Mumewe, Lambis, alifariki mwezi wa pili, mtoto akiwa bado tumboni. Maskini uso wake ulikuwa kijani — kwao wana ziwa, hawana bahari, na meli imemkoroga njia nzima. Nikampa limao alambe. Yeye akanipa zawadi, kanivika mwenyewe: kola ya manyoya. Mwezi wa nane! Kuku wamelala kivulini midomo wazi, na mimi nina mnyama shingoni.

"Asante, mkwe," nikasema. "Nitaivaa siku bahari ikiganda."

"Kaishona Lambis," akasema. "Ndiyo ya mwisho aliyoimaliza."

Nikaivua polepole, nikaiweka kabatini vizuri.

Mtoto bado anaitwa "bebe" tu. Ndivyo ilivyo, mpaka maji ya birika la ubatizo yampite kichwani hana jina. Lakini nikibaki naye peke yangu jikoni namnong'oneza: Aristarko. Anacheka! Analijua.

Jumanne, 6 Agosti

Leo kijiji kizima kinanizungumza. Afadhali niandike mwenyewe kabla Stamatia hajaongeza chumvi.

Ni sikukuu ya Kugeuka Sura, siku tunayopeleka zabibu za kwanza kanisani zibarikiwe. Nikabeba kikapu changu na mkate wa sadaka, nimeukanda mwenyewe na kuupiga mhuri. Anayeleta mkate humtajia padri majina ya kuombewa: kwanza walio hai, halafu waliolala. Padri Nikiforo ana haraka, kikapu hiki, kikapu kile. Nikamwambia sikioni: walio hai ni Argiro, Stratis, Thalia, Aristarko. Ulimi haukuteleza, la! Nilitaka kulisikia jina hilo likitajwa na walio hai. Tangu mzee afe nalisikia kwa waliolala tu.

Basi. Kanisa limejaa, kimya. Padri anapita na vyombo vitakatifu, anataja majina kwa ile sauti yake ya tarumbeta: "...Argiro, Stratis, Thalia, na Aristarko..."

Akasita. Si ndiye aliyemzika! Nikamwona anazungusha jicho kunitafuta. Nyuma yangu wanawake wakaanza kuvuma kama nyuki. Stamatia akanishika bega.

"Argiro, dada yangu, umesahau? Mzee alishatutoka."

"Sijasahau kitu. Tazama mbele."

Akamgeukia mwenzake, eti kwa kunong'ona: "Akili zimemruka, maskini. Kamrudisha mzee kwa walio hai."

Hilo ningelimeza. Lakini Thalia naye alikuwepo, mtoto begani, na yeye hakudhani kwamba zimeniruka. Alielewa vizuri sana. Akatoka nje katikati ya ibada, mama yake nyuma yake.

Ibada ikaisha, zabibu zikagawiwa uani. Akanijia.

"Mama, mtoto wangu hajabatizwa bado. Umeshamtangaza kama samaki mnadani?"

"Nimemwombea. Siku hizi kumwombea mtoto ni kosa?"

"Kwa jina ambalo hatujakubaliana!"

Hatujakubaliana! Kumbe kulikuwa na la kukubaliana? Ndipo akalitoa, machozi na zabibu mkononi. Anataka mtoto aitwe Lambis. Yeye ni binti wa pekee. Baba yake kafa bila kumshika mjukuu. Na baada ya ule uzazi wake mgumu madaktari wamemwambia asijaribu tena. Kwa hiyo mtoto ni huyu huyu, mwingine haji. Kama si yeye, jina la Lambis limekwisha.

"Na la Aristarko?" nikasema. "Mimi nina wana wangapi, nimewaficha kabatini?"

Padri Nikiforo akaja, anatafuna. Akasema, wanangu, majina yote mawili ni ya watakatifu. Aristarko ni mtume, sikukuu yake mwezi wa nne. Lambis ni Haralambo, mwezi wa pili. Huko mbinguni wanakaa pamoja hawagombani.

"Huko hawana wajukuu, Baba," nikamwambia.

Mchana tulikula samaki, leo mfungo unaruhusu. Walikuwa wazuri sana wale samaki.

Jumatano, 7 Agosti

Vijiko tu vinaongea.

Stratis kanifuata jikoni, sura ya mtu aliyekalia miiba. "Mama, tuyaunganishe. Aristarko-Lambis."

"Hilo ni jina la mtoto au la kampuni ya bima?"

Akacheka, akajizuia, akacheka tena. Mwanangu huyu, ukimchekesha amekwisha. Lakini mimi sikutania. Mtu mmoja, jina moja. Ukimpa mtoto majina mawili watu watachagua fupi, na fupi ni lipi? Mimi si mjinga.

Zafira hajasema neno, wala la huku wala la kule. Anakunja nguo. Zikiisha anakunja zilizokunjwa. Ananiudhi kuliko kama angepiga kelele. Mtu ukigombana naye unajua alipo.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya kanisa tumepita mkahawani. Wazee wa pale walikuwa wakinisubiri, naona walijiandaa wiki nzima. Mmoja akaanza: "Argiro, mzee hajambo? Tulisikia amerudi."

"Hajambo," nikamjibu. "Anakuulizia. Anasema kakuwekea nafasi pembeni yake."

Akakohoa kahawa yote. Sikulipwa kwa hilo, lakini nilishiba.

Mirto alikuja kukaa nasi. Huyu ndiye mama wa ubatizo, mwalimu wa sayansi, wamekua pamoja na Stratis, magoti yao yamechubukia uani kwangu. Na ndiye mwenye jina! Padri akiuliza mbele ya birika mtoto anaitwa nani, anayejibu si mama wala baba, ni mama wa ubatizo. Akishatamka, limetoka. Hata malaika hawalirudishi.

Kwa hiyo nikamwambia Mirto, mbele ya Thalia, hebu mweleze huyu Aristarko alikuwa nani. Mirto akachukua kikombe akakiweka katikati: jua. Akachukua kipande cha kashata ya waridi akakizungusha: dunia. Akasema wakati huo watu walimcheka, na mmoja alitaka hata ashtakiwe kwa kuikosea miungu adabu, kwa sababu ameitingisha dunia waliyoiweka ikatulia.

"Kwa hiyo jina linakuja na kesi yake," akasema Thalia.

"Alisema kweli!" nikasema. "Kawashinda wote!"

"Baada ya miaka mingapi, mama? Na mwanangu huko Athene watamwita Uwanja wa Ndege. Aristarko, leo unatua saa ngapi? Aristarko, umechelewa kwa sababu ya upepo?"

Nilikuna pua ili mdomo usionekane. Nikamwambia, tazama wenzetu wa Pithagorio, wana Pithagora wao bandarini, wa shaba, na pembetatu yake. Mtoto gani kapata taabu kwa ajili ya ile pembetatu?

"Wote, mama," akasema Thalia. "Wote, shuleni."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mpaka wale wazee. Msichana huyu ana ulimi. Ningekuwa na binti ningetaka awe na ulimi kama huo. Sikumwambia, ataota pembe.

Kashata ya dunia aliila Stratis.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama wa Mungu! Mfungo umekwisha, nyama imerudi!

Tangu alfajiri masufuria makubwa yanachemka uani mwa kanisa, ngano na mbuzi, na lazima ikorogwe bila kupumzika, la sivyo inashika chini na kijiji kinakula moshi. Kila mwaka wanaume wanapokezana lile kafi la kukorogea na kujisifu. Leo mmoja kachoka, kaangalia huku na huku, na Zafira — huyo mnyamavu! — kakunja mikono ya nguo yake nyeusi, kalichukua kafi. Tukadhani anacheza. Akakoroga. Wanaume wakamaliza sigara, yeye anakoroga. Wakamaliza ya pili. Jasho linamtoka, na ndiyo mara ya kwanza namwona na rangi usoni.

"Mkwe," nikamwambia, "huko kwenu mnakula nini?"

"Kwetu baridi," akasema. "Usipokoroga unaganda."

Nilicheka mpaka kitambaa kikanitoka kichwani.

Halafu mtu akaita, "Bibi wa mtoto yuko wapi, mtoto analia!" Tukageuka wote wawili. Yeye mikono imeshika kafi. Nikaenda mimi. Nikamletea pale pale, akamtazama mtoto huku anakoroga, mtoto akanyamaza. Anapenda moshi, kama babu yake. Yaani babu yake wa huku.

Ijumaa, 16 Agosti

Mirto kaja kabla ya chakula cha jioni na darubini kwenye begi kubwa. Kaiweka barazani. Mwezi ulikuwa umetoka juu ya mlima, bado kidogo ujae.

"Bibi Argiro, leo nakukutanisha na jamaa wa mzee."

Nikavua kitambaa, nikafuta miwani, nikainama. Kwanza niliona kope zangu. Mirto akarekebisha. Halafu — Mungu wangu! Mwezi wote huo! Umejaa mashimo kama jibini. Unang'aa mpaka jicho linatoa maji.

"Tafuta lile doa jeupe kuliko yote, pale pembeni. Hilo ndilo Aristarko."

Nikaliona. Kweli linawaka peke yake, kama mtu kasahau taa. Nikasema, hapo sawa. Ni nini? Mlima?

"Shimo, bibi."

"Nini?"

"Shimo. Jiwe lilianguka kutoka angani, likapiga pale, likafukua ardhi nyeupe ya chini."

Shimo! Maisha yetu yote mzee anajisifia shimo! Na mimi nimewatambia wanawake wote wa kijiji hiki, na wa kijiji cha jirani, shimo! Mtu ambaye alivunjika mguu kwenye shimo la chokaa la binamu yake, na hakusema na huyo binamu mpaka kufa! Nikamwambia Mirto nyie wasomi mkitaka kumheshimu mtu si mumpe mlima? Akasema mashimo ndiyo heshima kubwa huko, na hili ndilo linalong'aa kuliko mengine yote. Nikamwambia hata ukiliita bakuli la fedha. Stratis alikuwa amekaa sakafuni anajishika mbavu. Thalia kacheka mpaka akampa mama yake mtoto asije akamwangusha. "Aristarko wa Shimoni," anasema, "mama, naanza kulipenda!" Tulicheka sisi wote kama wendawazimu. Ilikuwa jioni nzuri. Niandike hivyo: nzuri.

Halafu Zafira akaomba atazame. Akainama, akakaa hapo mpaka nikadhani kasinzia.

"Linang'aa," akasema. "Pembeni yake kote kijivu."

Akanyanyuka, akanitazama. "Una bahati, mkwe. Wako unaweza kumtazama."

Hakusema kwa wivu. Kasema kama mtu anavyosema nyanya zako mwaka huu zimekubali. Ningejua kujibu wivu. Nikaenda kukata tikiti maji.

Jumanne, 20 Agosti

Mgongo. Tumevuna zabibu tangu asubuhi, na chama cha ushirika kinataka makreti yafike mapema kabla jua halijazipika. Wote tulikuwa shambani. Mtoto kivulini ndani ya kreti tupu, katandikiwa blanketi, anatazama majani.

Wakati wa kula, Stratis akasema wameamua jambo, yeye na Thalia. Wamechoka kulala wamepeana migongo. Wamemwambia Mirto achague yeye. Hawataki kujua mapema. Watalisikia kanisani na watu wengine, na litakalotoka ndilo.

"Huo ni woga," nikasema.

"Ndiyo, mama," wakasema wote wawili kwa pamoja. Wamepatana angalau kwa hilo.

Thalia mikono yake imejaa utomvu, nywele zimemwagika usoni. Akasema taratibu, si kwangu hasa, kwamba hana ugomvi na jina la mzee. Ni kwamba akilala anamwona baba yake mlangoni anasubiri kuitwa ndani. Mimi wangu simwoni mlangoni. Mimi namwona kitandani upande wake, anachukua blanketi lote.

Lakini Mirto ni wa hapa! Kanywa maziwa kwangu! Niliporudi nikawasha tanuri, nikaanza kutengeneza biskuti za machungwa anazozipenda tangu utoto. Si hongo. Ni biskuti.

Zafira akaingia, akanusa, akaelewa, akanawa mikono.

"Sogea kidogo," akasema, "nikusaidie kumhonga."

Na anazisokota vizuri kuliko mimi! Sikuamini macho yangu. Nikamwuliza, mkwe, unajua hizi biskuti ni za jina lipi? Akasema, "Biskuti ni biskuti. Unga wako ni mzito, weka mafuta."

Niliweka mafuta.

Jumamosi, 24 Agosti

NIMESHINDA!

Mirto kaja mchana, macho mekundu, hakugusa kahawa. Akafunga mlango wa jikoni. Anasema hawezi. Akisema hili, yule atamtazama vibaya maisha yote. Akisema lile, huyu. Kalizungusha kichwani mpaka limekuwa uji. "Bibi Argiro, wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii. Nipe wewe. Nitalitamka kama langu, na nitaapa kwamba ni langu, hakuna atakayejua. Kesho nitapita kukuchukua, unipe neno moja tu."

Neno moja! Ninalo tangu mwezi wa tano! Lilikuwa limeshafika kwenye meno, lakini akanikatiza, hapana, lala nalo, kesho. Walimu bwana.

Nikavaa viatu, nikaenda makaburini. Nikaijaza taa mafuta, nikapangusa picha. Nikamwambia: mzee, kesho unarudi kwa walio hai, na safari hii kihalali. Stamatia alikuwa kaburi la tatu anamwagilia maua, akaniona nacheka peke yangu. Mwache aende akaseme.

Ulimi unaniwasha kama nimekula pilipili, na hakuna wa kumwambia. Ndiyo kazi ya daftari hili. Nimeshinda, nimeshinda.

Jumapili, 25 Agosti

Kengele ya kwanza imelia. Naandika jikoni, nimevaa sketi ya ndani tu na blauzi ya jana. Mirto kakaa mbele yangu, kapendeza, anakula biskuti. Anadhani naandika jina. Acha adhani.

Stratis na Thalia wametangulia kanisani kupanga mishumaa na kupokea wageni. Mtoto kabaki na sisi alale kidogo. Mirto alipofika nikamwambia ngoja nitafute kiatu. Nikashuka ngazi. Mlango wa chumba kidogo ulikuwa wazi kidogo. Zafira yuko ndani, anapiga pasi gauni langu. Sikumwomba! Mtoto kwenye kikapu miguuni pake, macho wazi. Na Zafira anamsemesha.

"Aristarko," anamwambia.

Nikasimama.

"Aristarko. Jina kubwa hilo, mwanangu, lina mwezi ndani yake. Usijali, bibi yako huyu atalizoea. Nipe siku chache tu. Sitaki nikwame kanisani mbele za watu, mama yako akaniona." Pasi ikaenda, ikarudi. "Aris... Aristar..." Kila akifika katikati sauti inakatika. Anameza mate, anaanza tena mwanzo. Kama mtu anapandisha mzigo ngazini, anafika pale pale, unamshinda, anaushusha, anaukamata tena.

Hakuna aliyemwambia kitu! Hajui la Mirto. Kaamua tu mwenyewe kwamba litakuwa hilo, na anafanya mazoezi.

Nikapanda juu na kiatu kimoja.

"Bibi," anasema Mirto, "neno."

"Subiri."

"Padri anasubiri."

"Padri kasomea kusubiri. Kula."

Nafikiri. Sipendi kufikiri asubuhi ya sikukuu, lakini nafikiri. Mwanamke huyu kakaa chini ya paa langu mwezi karibu mzima. Kakoroga sufuria letu, kavuna zabibu zangu, kakunja hata vitambaa vyangu vya pua. Kuhusu Aristarko wangu anajua kila kitu, hata alivyokoroma, maana sifungi mdomo. Na mimi kuhusu Lambis wake ninajua nini? Makoti. Mwezi wa pili. Basi. Sikuwahi kumwuliza hata alipenda kula nini.

Nimepiga kelele: "Zafira! Acha pasi hiyo, njoo juu!"

"Bado mkono mmoja!"

"Nitakwenda na mkono uliokunjamana! Njoo, na mtoto mlete!"

Kengele ya pili. Stratis karudi na gari kutuchukua, yuko chini anapiga honi kama nyumba inaungua. Mirto ananitazama mimi, anatazama saa, ananitazama mimi.

Huyu hapa Zafira mlangoni, mtoto mkono mmoja, gauni langu mkono mwingine. Anadhani amekosea kitu. Nimemvutia kiti.

"Keti, mkwe. Na wewe Mirto tulia, sikiliza. Haya, tuambie. Huyo Lambis wako alikuwa mtu wa namna gani?"

Kaniwekea mtoto mapajani, mzito kama kreti. Kakaa. Kavuta pumzi.

"Kwanza," anasema, "alikuwa hajui kuimba hata kidogo. Na alikuwa haachi kuimba."

Mirto kaweka biskuti chini. Honi tena, ndefu.

Apige.